Mtu wa Kumpokea

9 Februari

Mwanangu,

Nimekuandikia kwa sababu simu tulishakubaliana haitufai: wewe unasema, mimi nasikia nusu, halafu najibu swali ambalo hukuuliza. Mimi ni mzima. Magoti yananidai ile miaka yote ya kusimama nyuma ya kiti cha kinyozi, ila yananifikisha ninapotaka. Yule niliyemwachia duka ameweka vioo vipya na muziki mkubwa. Wateja wangu wa zamani wanakuja kunilalamikia hadi nyumbani, nami nawaambia wazoee, masikio yatakufa yenyewe kama yangu. Kaburi la mama yako nimelipalilia.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi isiyo na mshahara. Afisa mmoja wa polisi niliyekuwa namnyoa aliniambia wanatafuta watu wa kujitolea. Mtu mwenye ulemavu wa akili akikamatwa, mmoja wetu anaitwa akae naye wakati anahojiwa, amweleze maswali kwa maneno mepesi, amwombee mapumziko akichoka, na baadaye amsindikize mahakamani. Sisi si mawakili wala askari. Tulifundishwa ukumbini, nikakubali kwa sababu nyumba hii, tangu mama yako aondoke, ina sauti ya friji tu.

Mtu wangu wa kwanza wanamwita Haya. Ni mtu mzima, ana mabega ya mpagazi, anabeba magunia sokoni. Jina limetokana na jibu lake kwa kila jambo. Beba hili. Haya. Toka hapa. Haya. Watu wawili walimwambia abebe pampu ya maji kutoka kwenye karakana moja. Akaibeba begani mchana kweupe, akapita nayo mbele ya mwenye karakana na kumsalimia. Wale wawili huko nyuma walikuwa wameshampiga mlinzi, na mlinzi amepoteza jicho. Wao wametoweka, akabaki huyu mwenye pampu begani.

Nilipofika kituoni maelezo yake yalikuwa yameshaandikwa. Nikamwomba mpelelezi anisomee.

"Nilimuuliza kama na yeye alimpiga mlinzi," akasema, "akakubali."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema haya."

"Haya siyo ndiyo, afande."

"Hapa kwetu ni ndiyo," akanijibu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu.

Nitakuandikia litakalotokea. Msalimie mumeo akirudi safari. Na Kibibi anasemaje? Mwulize anataka babu amletee nini, uniandikie maneno yake yenyewe, vile vile atakavyoyatamka.

Baba yako

*

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kiwandani, katikati ya sare za shule, msimu ambao hata ndotoni nashona kola. Nimeisomea chooni ili msimamizi asinione. Tunashukuru huko u mzima. Baba Kibibi yuko barabarani na lori, akirudi analala, akiamka anaondoka. Mama mkwe yupo, anakusalimu, na sauti yake bado ni ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

Kibibi hajambo kabisa. Amerefuka, gauni la mwaka jana limekuwa blauzi. Anakula vizuri. Anapenda vifuniko vya chupa, anavipanga mstari mmoja toka mlangoni hadi kitandani, na ukikigusa kimoja unatafuta vita. Nywele zake nimezisuka upya.

Nimefurahi umepata kitu cha kukutoa nyumbani, ingawa sikudhani baba yangu angezeekea kituo cha polisi.

Huyo Haya ana mama? Aligundua lini kwamba mwanawe yuko hivyo? Nauliza tu, maana umenitia hamu.

Mwanao

*

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya gauni na blauzi. Mama yako angesema umerithi uchoyo wangu wa kununua nguo.

Tumekwenda mahakamani. Chumba ni kidogo, feni inazunguka bila kuleta upepo, karani anaita majina kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mimi nilikaa benchi la nyuma yake, hatua moja. Naruhusiwa kumnong'oneza, siruhusiwi kumjibia. Akasomewa shtaka refu. Hakimu akamuuliza, "Umeelewa?" Haya akasema, "Haya." Akaulizwa kama ni kweli. "Haya." Karani akaanza kuandika, nami mdomo ukanifunguka wenyewe: "Mheshimiwa, huyu husema hivyo kwa kila kitu. Mwulize kama wewe ni mama yake." Watu wakacheka. Hakimu mwanamke, mtu wa makamo, akavua miwani, akamuuliza kweli: "Mimi ni mama yako?" Akajibu, "Haya." Hapo hakuna aliyecheka.

Basi hawakuandika kwamba amekiri. Wakili wa msaada wa kisheria ameomba apimwe na daktari wa akili. Mimi ndiye niliyemhimiza aombe, nikamfuata hadi ngazini. Tunasubiri tarehe, na Haya anasubiri rumande.

Ndiyo, ana mama. Anafua nguo za watu. Mikono yake imekunjamana kama mtu aliyetoka majini sasa hivi. Nilimuuliza swali lako. Alisema alijua pale watoto wa majirani walipoanza kuuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, na wake alikuwa hajauliza hata nini. Nikamuuliza alifanyaje. Akaniambia, "Nilimfundisha kutii. Niliona kama hatakuwa na akili, basi awe na adabu, watu watampenda." Kisha akainamia beseni lake, akaendelea kufua.

Umeniandikia urefu wa Kibibi, chakula chake na nywele zake. Maneno yake sikuyaona. Au uliyasahau mezani?

Baba yako

*

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Kazi nyingi.

Kibibi hajambo. Watoto hawafanani, wengine huchukua muda. Mama mwenyewe alikuwa anasema mimi nilichelewa kutembea hadi watu wakadhani nina laana. Sasa nani ananisimamisha?

Huyo daktari atamfanya nini Haya? Anauliza maswali tu au anapima kichwa kwa mashine? Wakishaandika, ile karatasi inakaa wapi? Inamfuata mtu maisha yake yote?

Mwanao

*

11 Juni

Mwanangu,

Nimekaa kimya muda mrefu na haikuwa ugonjwa. Sikuwa na maneno.

Daktari alikuwa mtu mwema. Hakukuwa na mashine. Alimpa Haya picha azipange, akamwomba ahesabu vidole, akamuuliza mahakama ni mahali pa nini. Haya akasema ni mahali pa kukaa. Daktari akaandika ukweli mtupu, kwamba mtu huyu ana akili ya mtoto mdogo na hawezi kuelewa shtaka. Nilitoka pale nikitembea kama kijana.

Siku ya uamuzi hakimu alisoma kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kujibu, kwa hiyo kesi haiwezi kuendelea. Nikamshika Haya bega. Kisha hakimu akaendelea kusoma. Apelekwe wodi ya ulinzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akae huko mpaka itakapoamriwa vinginevyo.

Nikamuuliza wakili, "Mpaka lini?"

"Mpaka itakapoamriwa."

"Na angekiri?"

Akaanza kukusanya makaratasi yake. Nikamng'ang'ania. Akasema kwa kosa la kubeba tu, na hali yake ilivyo, pengine angefungwa mwaka mmoja na nusu, na huu muda wa rumande ungehesabiwa ndani yake.

Umeelewa, mwanangu? Mwenye kifungo ana siku ya kutoka. Haya hana kifungo, kwa hiyo na siku hiyo hana. Wapo mle wodini waliozeekea humo kwa kosa la kuiba kuku.

Mama yake alikuwa nje, maana ndani palijaa. Alikuwa amekuja na shati la mwanawe la kutokea, amelipiga pasi, amelikunja ndani ya mfuko safi. Akaniuliza, "Hakimu amesema hana kosa?" Nikamwambia, "Amesema hawezi kujibu." Akasema, "Basi twende naye nyumbani." Nikaanza kumweleza. Mwanangu, mimi nimefundishwa kueleza mambo magumu kwa maneno mepesi. Kwa hili sikuyapata.

Ni mimi niliyemkimbiza wakili ngazini kuomba daktari. Naamka na jambo hilo, nalala nalo.

Baba yako

*

30 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Leo naandika nyumbani, mama mkwe ametoka.

Kibibi hasemi. Hata neno moja. Hajawahi kusema mama. Ukimwita anatazama dirisha. Si kiziwi, maana akisikia mfuko wa biskuti anafika kabla yangu. Nilijua zamani, Baba. Niliendelea kukuandikia vipimo vya gauni.

Mama mkwe anasema ukoo wao hauna watu wa namna hiyo, na kila akisema ananitazama tumbo. Baba Kibibi hasemi kitu. Akiwa nyumbani anamlaza kifuani na wote wawili wananyamaza, na mimi nawaonea wivu.

Nilikuwa nimechukua miadi kliniki. Nilishaomba ruhusa kazini na viatu vyake vya kutokea nilishavipaka rangi. Siku mbili kabla, ikafika barua yako. Sikuenda. Umeniambia mwenyewe daktari alikuwa mwema na aliandika ukweli, na ona ukweli ulivyomfanya mtu. Sasa hivi Kibibi ni mtoto aliyechelewa kusema. Wakishaandika atakuwa kitu kingine, na kitu hicho hakitafutika.

Njoo, Baba. Tafadhali. Chumba cha nyuma kipo. Huku sina mtu wa upande wangu. Ungekuwepo wewe, hata kliniki ningeenda.

Mwanao

*

8 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ulibebaje peke yako muda wote huo? Nami nilikuwa nakuuliza maneno ya Kibibi kila barua, kama mtu anayebonyeza jipu bila kujua.

Mpeleke. Nakuomba kama baba. Haya hakupimwa na mtu yeyote hadi alipokuwa mwanamume mwenye pingu. Kibibi atapimwa akiwa kwenye paja lako, na huko kuna watu wanaofundisha watoto hata ishara za mikono. Mimi nilikuogopesha kwa sababu nilikuwa nimeumia. Usimwadhibu kwa kidonda changu.

Na safari nilishaianza. Nilitoa sanduku uvunguni, nikamwambia jirani atakaa na funguo. Halafu mama yake Haya akafa. Presha. Walimkuta amekaa kwenye kigoda, nguo za watu bado zimo majini.

Ilibidi mtu amwambie mwanawe. Nikaenda. Wodi ina ua wa saruji na benchi refu, wanakaa wameegemea ukuta, wakihama na kivuli. Nikamwambia bila kuzunguka, kama tulivyofundishwa. "Mama yako amekufa. Hatakuja tena."

"Haya."

"Unajua kufa?"

"Haya."

 Baada ya muda akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, ncha zimeelekea ukutani. Akaniuliza, "Na Jumapili?" Ndiyo siku mama yake aliyokuwa akija. Sijawahi kumsikia akiuliza kitu, mwanangu. Nikamwambia Jumapili nitakuja mimi.

Wakati natoka, muuguzi mkuu akaniita. Kuna jopo linaloangalia nani anaweza kuachiliwa. Swali lao la kwanza ni: nani atampokea? Lazima awe mtu mwenye nyumba hapa hapa, anayekaa humo, ambaye ofisa wa ustawi akibisha hodi siku yoyote atamkuta. Mama yake ndiye alikuwa ameandikishwa. Hana mwingine, na asiye na wa kumpokea hata jina lake halipelekwi. Akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote.

Nitakuja huko. Ila nipe muda kidogo.

Baba yako

*

21 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Kibibi ni mjukuu wako. Yule siye. Mama angekuwa hai angekuja kwa miguu.

Mwanao

*

6 Oktoba

Mwanangu,

Sijapata barua yako nyingine na sikulaumu. Kuhusu mama yako umesema kweli. Angekuja, na angefika na mboga.

Sitajitetea. Nakupa habari tu. Naenda Jumapili. Nimechukua mashine yangu ya mkono, ile ya zamani isiyotaka umeme, nawanyoa pale uani. Wengine hawajaguswa kichwa na mtu kwa muda mrefu, ukiweka kiganja wanatulia kama watoto waliooga. Haya hufumba macho. Nikimaliza hataki kuinuka kwenye kiti.

Jopo litakaa Januari. Wananitaka niseme kama nitampokea Haya, kabla ya mwaka kuisha. Sijasema. Ukweli ni kwamba nimebakiwa na nguvu za nyumba moja, na siwezi kukaa kwenye nyumba mbili zilizo mbali hivi. Nikiwapa jina langu, nimefungika hapa. Nikija kwako, yule atabaki pale ukutani na sidhani kama atapata mtu mwingine.

Wewe ni mwanangu. Ukiniandikia neno moja tu, njoo, nitafunga mlango huu na sitakukumbusha habari yake hata siku moja. Sanduku bado liko wazi.

Baba yako

*

4 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, inakaa kama mgeni asiyeaga.

Nimempeleka Kibibi. Baba Kibibi aliomba siku kazini, tukaenda naye. Tulikaa asubuhi nzima kwenye chumba chenye wanasesere wasio na nywele. Daktari ni binti mdogo kuliko mimi. Alikaa chini sakafuni na Kibibi, akapanga naye vifuniko vya chupa, wala hakumharibia mstari. Baadaye akatuambia. Akili yake inakua polepole na itaendelea hivyo. Pengine atasema maneno machache, pengine hatasema. Dawa hakuna, yapo mazoezi. Baba Kibibi akasema ahsante, akatoka, akakaa ndani ya lori muda mrefu. Nilipomfuata usukani ulikuwa umelowa.

Mama mkwe bado anatazama tumbo langu. Juzi lakini nilimkuta anamchania Kibibi vipande vya gazeti, maana amegundua anapenda ile sauti. Aliponiona akajifanya anatafuta kitu.

Nimeanza kumfundisha ishara moja kabla ya zote: kutikisa kichwa. Hapana. Mwalimu wa mazoezi alitaka tuanze na tafadhali. Nikamwambia hiyo itafuata.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Tulipokuwa tunaondoka, muuguzi alikuwa anauliza maswali ya kawaida, tunaishi wapi, chanjo, nini na nini. Halafu akauliza, "Ninyi msipokuwepo, nani atabaki naye?" Nikamtaja bibi yake. Akauliza umri. Nikakutaja wewe. Akauliza umri.  Nikawapitia watu wote ninaowafahamu, Baba, wa kiwandani, majirani, ndugu wa Baba Kibibi, mmoja mmoja, nikimweka Kibibi mlangoni kwa kila mmoja na kutazama kama mlango utafunguka. Muuguzi akasema si lazima nijibu leo.

Nikarudi nyumbani nikafikiri juu ya yule mama mfua nguo. Naye alikuwa hana wa kumtaja. Kumbe kulikuwa na kinyozi asiyemjua, mahali fulani katika mji ule ule, ananyoa watu ndevu.

Kwa hiyo usije, Baba. Wape jina lako. Mtandikie chumba changu, kile cha dirisha la barabarani, na godoro uligeuze, upande ule una shimo. Usinijibu haraka, maana nikipata barua yako wiki hii nitabadili mawazo na kukuita. Nakuhitaji kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nilitaka ujue hivyo, kisha ufanye nilivyokuambia.

Usiniulize tena maneno ya Kibibi. Siku akiwa nayo nitakupigia simu, sikia nusu, haidhuru.

Hapa ninapoandika amekaa juu ya mguu wangu. Amenishika kidole cha kushikia kalamu na hataki kukiachia, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi. Nimemwacha.

Mwanao